Fegi nyuma ya karakana: mwongozo wa kupunguza uvutaji sigara katika vyuo vya ufundi Mombasa

Saa nne ya chai ikifika, mwalimu yeyote wa chuo cha ufundi hapa Mombasa anajua wanafunzi wake watatawanyika vipi. Kuna watakaokimbilia viazi karai, kuna watakaojinyoosha kivulini na simu zao, na kuna kikundi kitakachozunguka nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma au kuvuka barabara hadi kwenye kioski kinachouza fegi mojamoja. Mwongozo huu unahusu kikundi hicho cha mwisho. Nimewaandikia wanaowajibika juu yao: walimu, wakuu wa vyuo, viongozi wa wanafunzi, na wazazi walio kwenye bodi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kijana wa ufundi hushika sigara kwa sababu mbili kuu: inampa ruhusa ya kupumzika, na inamfanya aonekane fundi kamili mbele ya mafundi. Tazama gereji yoyote ya Changamwe au Mwembe Tayari. Anayevuta hutoka nje dakika tano na hakuna anayemuuliza. Asiyevuta anaendelea kupiga tupa. Na mwanagenzi huanza kwa kutumwa: "Dogo, nichukulie fegi pale." Kesho anaambiwa amwashie mkubwa, keshokutwa anapewa nusu. Chuo kikipiga marufuku bila kuziba nafasi hizo mbili, moshi utahamia upande wa pili wa ukuta tu.

Hatua ya 1: Jueni hali ilivyo kabla ya kusema lolote

Msianze na mkutano wa hadhara. Anzeni na dodoso la ukurasa mmoja, lisilo na jina wala namba ya usajili, lijazwe darasani na kutumbukizwa kwenye sanduku lililofungwa. Lisambazwe na viongozi wa wanafunzi, mwalimu wa nidhamu akiwa mbali. Maswali machache yanatosha:

– Je, umevuta sigara hata moja katika siku 30 zilizopita?
– Je, umetumia shisha, vepu, kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni), ugoro au vile vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo?
– Ukitafuna muguka (majani ya jamii ya miraa) au miraa yenyewe, huwa unavuta sigara zaidi?
– Baada ya kuamka, unakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza?
– Unazipata wapi, na kwa bei gani moja?
– Ulianza kabla ya kujiunga na chuo, ukiwa chuoni, au ukiwa atachi (mafunzo ya kazini)?
– Umewahi kujaribu kuacha?

Swali la muguka lisiachwe. Hapa Pwani vitu hivi viwili hutembea pamoja, na kijana anayevuta mbili kwa siku anaweza kumaliza pakiti akikaa maskani, yaani kijiweni, jioni na fungu lake. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alitoa amri ya kupiga muguka marufuku katika kaunti, kisha mahakama ikaisimamisha. Wanafunzi waliufuata mjadala ule kwa makini, kwa hiyo mada hiyo si ngeni kwao.

Swali la tangu kuamka hadi sigara ya kwanza ndilo litakalowaambia nani ameshikwa sana. Anayewasha ndani ya nusu saa ya kwanza ana uraibu mzito, na mawaidha peke yake hayatamtosha. Anayevuta jioni tu akiwa na wenzake ana shida ya aina nyingine, nyepesi zaidi.

Pamoja na dodoso, chora ramani. Chukua mchoro wa chuo, zunguka baada ya saa nne na baada ya chakula cha mchana, uweke alama kila penye vipisi, kisha uvihesabu. Ni kazi ya dakika ishirini, nayo hutoa ukweli ambao mikutano haiutoi. Mara nyingi mtakuta alama zimejazana mahali pawili au patatu: nyuma ya choo, karibu na mitungi ya gesi, na langoni.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa Wakenya wazima wapatao milioni 2.5 wanatumia tumbaku: asilimia 19.1 ya wanaume na 4.5 ya wanawake. Karakana za magari, umeme na uashi zimejaa vijana wa kiume, basi msishangae hesabu yenu ikiwa kubwa. Wasichana nao wasisahaulike. Wengi hawatashika sigara hadharani kwa kuogopa maneno ya mtaa, lakini shisha ya wikendi wanaiona kuwa starehe tu. Ndiyo sababu dodoso lazima liitaje kwa jina.

Hatua ya 2: Kanuni moja, fupi, inayojulikana na wote

Sheria ipo tayari. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, taasisi za elimu zikiwemo. Inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Na inakataza kuuza sigara mojamoja. Chuo hakihitaji kutunga sheria mpya. Kinahitaji kuandika kwa Kiswahili chepesi kwamba ndani ya eneo la chuo hakuna anayevuta, awe mwanafunzi, mwalimu, bawabu, mgeni au fundi aliyeletwa kutengeneza paa.

Kuhusu shisha, wanafunzi watawauliza, kwa hiyo jiandaeni. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, na mwaka 2024 mahakama ya Shanzu ikaamua kwamba marufuku ile haikukamilisha utaratibu wa kisheria. Jibu la chuo liwe rahisi: kanuni yetu inahusu mapafu ya wanafunzi wetu, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kikao kimoja cha shisha cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu moshi mwingi mara 100 au zaidi kuliko sigara moja. Kupita kwenye maji hakuondoi sumu.

Adhabu ya kwanza isiwe kufukuzwa. Kijana aliyefukuzwa chuo cha ufundi anaangukia maskani, na maskani nyingine za mji huu hazimalizikii kwenye sigara. Anayepatikana akivuta apelekwe kwenye mazungumzo ya Hatua ya 6. Akirudia, aitwe pamoja na mzazi au mlezi wake. Adhabu kali ya papo hapo iwe kwa kosa moja tu: anayewasha kiberiti karibu na gesi, petroli au rangi.

Hatua ya 3: Walimu kwanza

Hapa vyuo vingi hukwama. Mkufunzi wa makanika anavuta garini mwake saa saba, na wanafunzi wanamwona. Asiaibishwe. Aitwe faraghani, aombwe asivute ndani ya chuo wala akiwa amevaa koti la kazi, na apewe msaada uleule wanaopewa wanafunzi. Nimeona mkufunzi aliyetangaza mbele ya darasa lake kwamba naye ameanza kuacha. Maneno yake yalikuwa na uzito ambao daktari mgeni asingeupata.

Hatua ya 4: Wapeni mapumziko ya kweli

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ina gharama ndogo. Zima mitambo yote kwa wakati mmoja, mara moja asubuhi na mara moja alasiri, kila mtu atoke. Pasiwe na anayebaki akipiga randa wakati mwenzake yuko nje na fegi. Mapumziko yakishakuwa haki ya wote, sigara inapoteza kazi yake kubwa zaidi.

Kisha pafanyeni mahali pa kukaa. Mwarobaini mmoja na mabenchi yaliyochomelewa na wanafunzi wenyewe (kazi nzuri ya mazoezi hiyo), mtungi wa maji baridi, ubao wa drafti, na soketi za kuchaji simu. Soketi hizo zitavuta watu kuliko mabango kumi. Mama anayeuza mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu karibu na lango aombwe asogee hapo, pamoja na muuza mabuyu na achari. Mdomo wenye kitu hausumbuki sana, na kitu kikali au kichachu hufaa zaidi.

Pahali hapo pasiwe mbali na karakana. Kama ni mwendo wa dakika tatu juani, wataishia nyuma ya choo.

Hatua ya 5: Fundisheni ndani ya somo la ufundi

Hotuba ya saratani ya baada ya miaka 30 haimwingii kijana wa miaka 19. Lakini anapenda fani yake na anataka kuijua vizuri. Mpe sigara kama suala la ufundi.

Kwa wachomeleaji: asetilini hushika moto hata ikiwa asilimia 2.5 tu ya hewa. Kwa wa umeme wa magari: betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, nayo hulipuka kuanzia asilimia 4. Kwa wapaka rangi na maseremala: mvuke wa thina na vumbi la mbao. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani, kundi lilelile la moshi wa sigara na vumbi la mbao. Fundi anayevuta anajipakia mizigo miwili katika mapafu yaleyale. Tena mikono yenye risasi ya kulehemu, grisi au asidi ndiyo hiyo inayopeleka kipisi mdomoni.

Kwa wanaosoma upishi na hoteli, ambao ajira yao iko kwenye fukwe za Nyali, Bamburi na Shanzu, zungumzieni ulimi na pua. Uvutaji hudhoofisha uwezo wa kuonja na kunusa, na mpishi asiyesikia chumvi ana tatizo la kazi.

Hesabu ya pesa wafanye wenyewe. Tuseme sigara moja ni shilingi 15 na mtu anavuta sita kwa siku. Ni shilingi 90, yaani 2,700 kwa mwezi. Wape kazi ya nyumbani: waende duka la vifaa waulize bei ya kinyago cha kuchomelea, mita ya kupimia umeme, seti ya spana, mkasi mzuri wa cherehani, wahesabu ni miezi mingapi ya fegi. Msiwape jibu nyinyi.

Hatua ya 6: Mazungumzo ya mtu na mtu

Mazungumzo haya afanye mshauri nasaha, mwalimu anayeaminiwa, au mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeacha na kufundishwa namna ya kusikiliza. Dakika kumi zinatosha. Siri itunzwe. Kazi ya anayeuliza ni kumfanya kijana ajisikie akizisema sababu zake mwenyewe, akihubiriwa atajitetea.

Mfano wa namna yanavyoweza kwenda:

"Mwanangu, naweza kukuuliza jambo kuhusu sigara? Ukitaka tusilizungumze leo, hakuna neno."

"Uliza tu, Mwalimu."

"Kutoka sifuri hadi kumi, hamu yako ya kuacha ni ngapi?"

"Labda nne."

"Kwa nini nne, isiwe moja?"

"Mamangu ana pumu. Nikiingia ndani ananijua kwa harufu, halafu anakohoa usiku kucha."

"Na nini kingeifikisha hiyo nne hadi saba?"

"Nikipata namna ya kupita ile saa ya chai. Wale wote ni marafiki zangu."

Angalia swali la tatu. Ukimuuliza "kwa nini isiwe tisa?" atakupa visingizio. Ukimuuliza kwa nini isiwe moja, atakupa sababu za kuacha, na zikitoka kinywani mwake atazikumbuka. Jibu la mwisho nalo ni zawadi: amekuonyesha kizuizi chenyewe. Hapo unaweza kumuuliza ni rafiki yupi kati ya wale angekubali kujaribu pamoja naye. Wawili wakiacha siku moja, kuna anayemngoja mwenzake chini ya mwarobaini.

Ambaye anasema hataki kuacha, mwambie mlango uko wazi, umuulize tena mwezi ujao. Usigombane naye.

Hatua ya 7: Siku ya kuacha, na arosto

Aliyekubali achague siku, ndani ya wiki mbili. Isiwe wiki ya mtihani wala wiki ya kwanza ya atachi. Wengine huchagua tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, kwa kuwa kuna shughuli na wenzao ni wengi.

Kwa wanafunzi Waislamu, Ramadhani ni nafasi ya pekee. Tangu daku hadi adhana ya magharibi mtu hajavuta, na hakufa. Kinachoharibu ni sigara ile ya baada ya futari, ambayo wengi huiwaza tangu alasiri. Shaurianeni nao kabla ya mwezi kuandama: tende, maji, sala, kisha watoke kwenda tarawehe au mpira bila kupitia maskani. Imamu wa msikiti ulio jirani na chuo akiombwa kuligusa jambo hili atasaidia sana, na wachungaji nao wana Kwaresima.

Kijana aelezwe nini kitampata. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde kama kumi baada ya kuvuta, na kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ndiyo maana aliyevuta saa mbili asubuhi akiwa njiani huanza kuhangaika saa nne. Akiacha, arosto, yaani mateso ya mwili kuikosa nikotini, huwa kali siku tatu za mwanzo: hasira, njaa, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kisichotulia. Kisha hupungua, na kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Walimu wake waambiwe, akiridhia, wamvumilie siku hizo akijibu vibaya.

Hamu yenyewe ikija haikai. Dakika chache tu, kisha inapita. Azipitishe kwa kunywa maji taratibu, kuvuta pumzi ndefu, kutafuna mabuyu au tangawizi, na kuondoka pale alipo. Kahawa chungu aipunguze kwa nusu: moshi wa sigara huufanya mwili umalize kafeini haraka, hivyo anayeacha akinywa vikombe vilevile atatetemeka na kukosa usingizi, halafu adhani ni sigara inayomdai. Muguka auweke kando kabisa kwa mwezi wa kwanza.

Faida aelezwe kwa muda mfupi anaoweza kuuona. Baada ya dakika 20 mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Ndani ya siku moja au mbili hewa ya monoksidi ya kaboni imetoka kwenye damu. Kati ya wiki mbili na miezi mitatu pumzi inaongezeka, na mchezaji atalijua hilo mwenyewe uwanjani.

Walioshikwa sana wanahitaji dawa. Chingamu na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na huongeza uwezekano wa kufaulu kwa nusu au zaidi. Kwa kawaida chingamu ya miligramu 4 ni ya anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka, ya miligramu 2 ni ya wengine. Haitafunwi kama chingamu ya dukani: itafunwe polepole hadi iwashe, kisha ibanwe kati ya shavu na fizi, na mtu asinywe soda wala kahawa dakika 15 kabla yake. Aliye chini ya miaka 18, mjamzito, au mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192; ibandikwe kwenye kila mlango wa karakana. Mkigundua kijana amevuka sigara na kuingia kwenye bangi, vidonge au unga (heroini), msijaribu kumtibu chuoni. Hapa Mombasa mashirika ya MEWA na Reachout Centre Trust yamefanya kazi hiyo miaka mingi, na hospitali ya Coast General ipo.

Akianguka akavuta moja, muulize ilikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Pangeni upya kuanzia hapo, siku hiyohiyo. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja.

Hatua ya 8: Kioski cha ng'ambo

Mwenye kioski ni jirani, pengine mzazi wa mmoja wao. Mkuu wa chuo aende mwenyewe na mzee wa mtaa au chifu, kwa salamu na heshima, amweleze kwamba kuuza fegi mojamoja ni kinyume cha sheria. Ampe na biashara: chuo kiagize kwake maji, mandazi, kalamu. Afisa wa afya ya umma wa kaunti aitwe ikiwa mazungumzo yameshindikana.

Hatua ya 9: Atachi

Kazi yote ya mwaka inaweza kubomoka katika miezi mitatu ya atachi, kwa sababu kule hakuna mwarobaini wala dodoso, kuna fundi mkuu na pakiti yake. Kwenye barua ya kumpeleka mwanafunzi ongezeni sentensi moja: "Tunakuomba usimtume mwanafunzi wetu kununua au kuwasha sigara." Mafundi wengi ni watu wazima wenye watoto, na wakiombwa kwa adabu hukubali. Mwanafunzi naye afundishwe jibu lisilomvunjia mkubwa heshima: "Samahani bosi, mimi niliacha. Nikuletee maji?" Alifanyie mazoezi kwa sauti, mbele ya wenzake, mpaka limtoke bila kigugumizi. Mwalimu anayekwenda kumkagua amuulize kuhusu sigara kama anavyomuuliza kuhusu kitabu chake cha kumbukumbu za kazi.

Hatua ya 10: Pimeni tena

Mwisho wa kila muhula rudisheni dodoso lilelile kwa maneno yaleyale, na vipisi vihesabiwe palepale, siku ileile ya wiki. Bandikeni matokeo ubaoni hata yakiwa mabaya, na walimu na viongozi wa wanafunzi wakutane wiki hiyo kuamua pa kuongeza nguvu. Kama vipisi vimepungua nyuma ya choo lakini vimeongezeka langoni, rudini Hatua ya 4: huenda mapumziko yamefupishwa, maji yamekauka, au soketi zimeharibika na hakuna aliyezitengeneza.